Mwaka Pindo Liliposhuka

Winnipeg, Jumatatu, 11 Agosti 1947

Leo natimiza miaka arobaini na mmoja tangu nitoke Białystok, kule Poland. Nilitoka nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba, mkasi mmoja wa chuma cha Kijerumani, na mke aliyetapika kutoka Hamburg hadi Halifax. Mkasi ulikwisha, mke yupo. Mji nao, nasikia, baada ya vita una baadhi ya majengo yake bado, ila Wayahudi wenzangu niliokuwa nikiwasalimia asubuhi hayupo hata mmoja. Nimeyaandika hayo mara moja na sitayarudia katika daftari hili. Nimelinunua kwa ajili ya jambo jingine kabisa, nalo ni sketi.

Bwana Rabkin, mwenye kiwanda, amerudi kutoka Montreal na koti la mfano, mtindo mpya wa Paris. Amelitundika karibu na meza yangu ya kukatia, kisha akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyewasha fataki. Kiuno kimebanwa kama cha nyigu. Kutoka kiunoni kwenda chini, sehemu tunayoiita sketi ya koti, limefunguka kwa vipande vinane, vyembamba juu na vipana chini, na pindo linakomea inchi kumi na mbili tu juu ya sakafu. Linakula kitambaa karibu mara mbili ya koti la mwaka jana.

Miaka ya vita nilikata kwa kanuni za serikali. Pindo halikuruhusiwa kuzidi inchi mbili, mikunjo ilikatazwa, hata vifungo vilihesabiwa. Bwana mmoja wa bodi ya serikali alikuja kukagua, akatazama nilivyopanga vipande juu ya kitambaa, akasema hajaona mabaki machache namna hiyo kutoka hapa hadi Toronto. Mabaki ya siku nzima yaliingia katika kofia yangu. Naandika hili kwa majivuno, na sioni sababu ya kulificha.

Jioni nilimwonyesha Perl, mke wangu, kwa kiganja mahali pindo linapofika. Akaweka kijiko chini.

"Wewe mzee, unanitania. Sketi yangu niliikata mwaka wa ishirini na tatu kwa mkono wangu, nilipochoka kuzoa matope ya mtaa wa Selkirk. Dada yako hakunisemesha mwezi mzima. Leo mnanirudishia matope?"

"Si mimi. Ni Paris."

"Paris hawayajui matope yetu."

13 Agosti

Joto. Mbu. Nimeanza kuchora vielelezo vya karatasi.

18 Agosti

Sol Bercovitch amerudi. Alikuwa mkataji mwenzangu kabla ya vita. Amelala hospitali za jeshi zaidi ya miaka miwili, na goti lake la kushoto halikunjiki tena. Tulikumbatiana. Sheria inasema askari arudishiwe kazi yake, na sheria hiyo ni nzuri.

Tatizo ni kwamba meza ya kukatia inatosha watu wawili, na wa pili sasa ni Olena Hrytsak. Ni mjane wa miaka thelathini na minne, binti wa Waukraine wa hapa hapa upande wa kaskazini. Mumewe alibaki vitani, Dieppe. Olena alikuwa kwenye cherehani. Vijana walipokwisha kuandikishwa jeshini nilimpa kisu cha umeme kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Sikumpa kwa kumwamini. Mkono wake ni mzuri, hautetemeki. Lakini nilifundishwa kwamba meza ya kukatia ni ya wanaume, na mshahara wa meza ni karibu mara mbili ya ule wa cherehani.

Rabkin akaniuliza naonaje. Nikamwambia, "Haki ni haki. Sol arudi mahali pake."

Nimeyaandika maneno yangu kama nilivyoyasema.

19 Agosti

Nyuzi joto tisini na nne za Farenhaiti. Chaki inayeyuka vidoleni.

27 Agosti

Wakati wa chakula cha mchana wanawake walilishusha koti la mfano wakamvika Olena, kwa kuwa ndiye mwenye kimo.

"Geuka! Geuka tena!"

"Loo, malkia!"

"Malkia wa wapi? Mwulizeni kwanza kama anapumua."

"Napumua kwa zamu," Olena akasema, nao wakaangua kicheko. Kisha akashika kiuno cha lile koti kwa mikono miwili. "Miaka mitano wanawake tulivaa ovaroli, wakatuambia tuna nguvu. Kiwanda cha risasi kimefungwa, sasa wanatuambia tuna kiuno."

Walicheka zaidi, ila kwa namna nyingine. Wengi wao walifanya kazi katika kiwanda hicho.

Mimi nilikuwa nikila mkate wangu nyuma ya marobota ya kitambaa, na niliona jambo ambalo wao hawakuliona. Baada ya wenzake kurudi kwenye cherehani, Olena alizunguka mara moja peke yake. Sketi ile ilifunguka yote, ikachelewa kidogo kumfuata, kisha ikamfunga miguu. Alipotahamaki kuwa namwona alisema, "Nalitaka, Mzee. Hilo ndilo linaloniudhi."

Jumanne, 2 Septemba

Rabkin amemwambia Olena. Msimu ukiisha, arudi cherehani au aende zake.

Alinijia akiwa na tepu ya kupimia shingoni. "Mzee Zelig, walikuuliza. Ulisema nini?"

"Nilisema haki ni haki."

"Haki ya nani?"

"Ya askari."

"Mume wangu alikuwa askari. Yeye hana goti bovu, kwa sababu hana kitu chochote." Hakupaza sauti. "Sikiliza. Binti yangu Daria ana miaka kumi na mitano. Kwa mshahara wa meza anasoma, anataka kuwa mwalimu. Kwa mshahara wa cherehani atakaa kiti cha pembeni yangu mwaka ujao, atoe nyuzi. Nataka ulijue hilo utakapopita kunisalimia asubuhi."

Nilimjibu kwamba cherehani ni kazi ya heshima.

"Basi ishike wewe," akasema.

Nimemwona mjeuri. Perl, nilipomsimulia, alisema supu inapoa.

8 Septemba

Kitambaa kimefika. Sijashika sufu ya namna hii tangu mwaka wa thelathini na tisa. Ni ya rangi ya divai, nzito, ina vinyweleo vilivyolazwa upande mmoja. Ukipapasa kwenda chini inalala kama mgongo wa paka. Ukipapasa kwenda juu vinyweleo vinasimama. Nilisimama nayo dirishani dakika kumi kama bwana harusi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemaliza kupanga vipande. Makoti mawili ya kipimo kimoja katika kila tabaka la kitambaa, matabaka arobaini, makoti themanini kwa duka kubwa la Portage Avenue. Kwa kuwa vipande vya sketi ni vyembamba juu na vipana chini, nimevilaza kichwa kwa mguu, kimoja hivi kimoja vile, vikaingiana kama meno. Nimeokoa karibu nusu yadi kwa kila koti. Sijapata kupanga vizuri hivi.

Olena alikuja na kisu, akainama, akapitisha kiganja juu ya kitambaa.

"Mzee, hii sufu ina uelekeo."

"Nimezaliwa katika mji wa viwanda vya sufu, Bibi Olena."

"Najua. Ndiyo maana nauliza. Vipande hivi nusu vinatazama juu, nusu vinatazama chini."

Sol alikuwa akisikiliza. Nikasema, "Wewe kata. Kufikiri nimeshamaliza."

Alhamisi, 11 Septemba

Amekata. Safi, kingo hazina jino hata moja.

17 Septemba

Siku mbili sikuandika kwa sababu ya sikukuu ya Mwaka Mpya wetu wa Kiyahudi. Perl alioka mkate wa mviringo, tukala tofaa na asali. Niliomba kwa moyo mweupe. Kesho koti la kwanza litakuwa tayari.

Alhamisi, 18 Septemba

Koti la kwanza lilitoka chumba cha cherehani saa nne asubuhi. Kule hakuna mwanga ila taa, na chini ya taa lilikuwa zuri kama ndoto. Rabkin mwenyewe alilichukua, akalitundika kwenye dirisha kubwa la mashariki, akaita watu waje kuona.

Mawingu yalikuwa yameondoka. Jua likalipiga.

Sketi ilikuwa na rangi mbili. Vipande vilivyolala chini viling'aa rangi ya divai. Vilivyogeuzwa vilikuwa vyeusi, kama divai iliyomwagika na kukauka. Na kwa kuwa washonaji wanaunganisha kwa namba na si kwa rangi, vyeusi na vya mwanga vilifuatana ovyo, viwili hapa, kimoja pale. Lilionekana kama koti lililotiwa viraka na maskini mwenye macho mabovu.

Hakuna mkataji asiyejua hili. Mimi nililijua kabla sijaota ndevu. Kitambaa chenye vinyweleo hakigeuzwi, hata kama mabaki yatatosha kumvika farasi. Lakini muda wote wa vita tulikata vitambaa vibovu visivyo na juu wala chini, nami nilisifiwa kwa kugeuza, nikageuza hadi mkono ukasahau kuuliza. Na mwanamke mmoja aliuliza kwa niaba ya mkono wangu, na kwa kuwa ni mwanamke, nikamnyamazisha.

Rabkin alishika kichwa. "Themanini! Themanini! Nani alikata?"

Sol akasema, "Kisu kilikuwa kwa Olena."

Ni kweli. Kisu kilikuwa kwa Olena.

"Nilijua," Rabkin akasema. "Nilijua, nilijua. Mpe mwanamke kisu!" Akamgeukia. "Hakuna kusubiri msimu uishe. Jumatano ijayo ni siku yetu ya mfungo, hatufungui. Jumanne jioni chukua vitu vyako."

Olena hakumtazama Rabkin. Alinitazama mimi. Walikuwepo watu ishirini na wawili. Nilikuwa na chaki mkononi, na nakumbuka kwamba niliiangalia ile chaki kana kwamba ndiyo iliyoulizwa swali.

Sikusema kitu.

19 Septemba

Sikusema kitu leo pia.

21 Septemba

Perl ameniuliza kwa nini sili. Nikamweleza yote. Nilitarajia kelele, hakupiga kelele.

"Umekuwa mkataji mkuu miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na ukisema ni kosa lako, watakufukuza?"

"Hapana. Rabkin hawezi."

"Kwa hiyo wewe ungepoteza nini?"

Nikafikiri. "Watanong'ona juu yangu."

"Na yeye anapoteza shule ya binti yake." Akaanza kuondoa sahani. "Zelig, nimekufuata kuvuka bahari nikitapika. Sijawahi kujuta hadi leo saa moja na nusu ya jioni."

Jumatatu, 22 Septemba

Kwetu, kabla ya siku ya mfungo, mtu huenda kwa aliyemkosea akamwomba radhi. Mfungo haufuti deni la mtu kwa mtu. Lazima uende kwa miguu yako. Nimelifanya kila mwaka, kwa makosa madogo madogo ambayo nusu yake hata wenyewe walikuwa wamesahau.

Leo nilikwenda nyumbani kwa Olena. Binti yake alifungua, akiwa na kitabu cha hesabu kwapani. Olena alikuwa akikanda unga. Nikavua kofia, nikasema nilivyofundishwa kusema: nimekukosea, naomba unisamehe.

Hakuacha kukanda.

"Kosa lipi, Mzee?"

"Unajua."

"Najua. Nataka nilisikie."

Nikalisema. Mpangilio ulikuwa wangu. Uliniuliza, nikakufokea. Walipokulaumu, nikanyamaza.

"Vizuri," akasema. "Umelisema jikoni kwangu, mlango umefungwa. Nani amesikia? Unga." Akaugeuza, akaupiga. "Ulininyamazia mbele ya watu ishirini na wawili. Unataka nikusamehe mbele ya donge la maandazi?"

"Desturi yetu inasema nije kwako."

"Desturi yenu nzuri. Umekuja. Sasa nenda kule ulikonipoteza, ukanitafute."

Nilitembea nyumbani kwa miguu, barabara yote ya Selkirk. Upepo ulikuwa umegeuka kutoka kaskazini. Nilikuwa nimekwenda kutafuta msamaha kama mtu anayekwenda kuchukua koti lake kwa dobi, na nilirudi nikiwa na baridi.

Jumanne, 23 Septemba

Niliwaomba wazime cherehani. Miaka kumi na tisa sijawahi kuomba hivyo, wakazima zote. Nilipanda juu ya kreti, si kwa kujikweza, ni kwa kuwa mimi ni mfupi.

Nikasema: mpangilio niliuchora mimi. Nendeni mkaangalie karatasi, alama yangu ipo pembeni. Olena alinionya kabla hajakata. Nilimjibu kwa dharau. Kitambaa kimeharibiwa na mimi, na siku tano nimemwacha abebe lawama. Sina la kujitetea.

Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Haya, Mzee, shuka usije ukaanguka, tukakukosa na wewe," wakacheka, na kicheko kile kilikuwa na huruma zaidi kuliko nilivyostahili.

Rabkin alinivuta pembeni, uso mwekundu. "Ungeniambia ofisini!"

"Hukumfukuza ofisini."

Sol alibaki ameegemea meza, mguu wake umenyooka mbele yake. "Nilijua, Mzee," akasema polepole. "Chaki yako naijua."

"Mbona hukusema?"

"Naitaka meza." Akaufuta uso kwa kiganja. "Miaka miwili nimelala nikiitazama dari, naipanga meza ile kichwani. Naitaka sana."

Sikuweza kumkasirikia. Nilikuwa nimefanya baya zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Jua linakaribia kuzama na mfungo unaanza, lazima nifunge daftari.

Alhamisi, 25 Septemba

Leo asubuhi Olena alikuwepo kabla yetu; Rabkin hakurudia tena habari ya kumfukuza. Alikuwa ametandaza vipande vya sketi vya makoti mawili sakafuni, chini ya dirisha la mashariki.

"Mzee, vipande vinane vina kipimo kimoja?"

"Kimoja."

"Katika kila koti vinne vinatazama chini, vinne juu. Makoti mawili kila tabaka." Akavihamisha kwa mikono, vya mwanga kushoto, vyeusi kulia. "Hili vinane vya mwanga. Hili vinane vyeusi. Koti halina kosa kama limekosea lote."

Nilipiga magoti. Ni kweli kabisa. Kila sketi, peke yake, ilikuwa ya rangi moja, tulivu. Nikasema, "Lakini vifua na mikono vyote umevikata vikitazama chini. Vitafaa nusu tu."

"Basi tukate upya vifua na mikono ya makoti arobaini, vitazame juu. Robota moja limebaki."

"Halitatosha."

"Litatosha," akasema. "Kwa sababu wewe uliokoa nusu yadi kila koti." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane, alitabasamu. "Panga wewe. Ila nitapapasa kabla sijakata."

"Papasa," nikamwambia.

Alipapasa mara tatu, kwa makusudi, Sol akiangalia.

29 Septemba

Wanawake wanafumua makoti kumi na mawili yaliyokwisha kushonwa. Vidole vinawauma. Olena anafumua nao wakati wa chakula.

3 Oktoba

Umande umeganda madirishani. Makoti yamekamilika: arobaini ya divai, arobaini ya divai nyeusi. Mnunuzi wa duka alidhani ni rangi mbili tulizokusudia, akatusifu kwa kuthubutu. Rabkin alikohoa. Mimi nikamwambia mnunuzi ukweli, mbele ya Olena, na jina la aliyeyaokoa makoti. Akasema, "Bibi, unaitwa nani tena?" akaliandika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Theluji ya kwanza. Nilitoka mapema nikasimama Portage Avenue kama mpelelezi. Niliyaona makoti yetu matatu. Msichana mmoja wa benki alitembea akilitikisa kwa makusudi. Mama mwenye gari la mtoto alilishika pindo lisiguse tope. Mwanamke wa umri wa Perl alijitazama katika kioo cha duka, akavuta kiuno, akajicheka, akaendelea na njia yake.

Kuna wanaosema mtindo huu unawarudisha wanawake nyuma, na wengine wanasema unawapa walichonyimwa miaka yote ya vita. Nilisimama kwenye baridi nikifikiri, na naona pande zote mbili zinasema kweli, na kwamba ndani ya koti lilelile mmoja anarudi jikoni na mwingine anakwenda kazini. Koti haliamui hilo. Linaamuliwa mezani, na watu kama mimi.

Perl amenunua jeusi. "Usiseme kitu," akasema mlangoni. Lina urefu hadi mahali anapotaka matope yasifike. Amelipandisha inchi nne kwa sindano yake mwenyewe.

Ijumaa, 17 Oktoba

Msimu umekwisha. Rabkin alituita, Sol na mimi, na Olena akasimama mlangoni bila kuitwa.

"Sheria ni ya Sol," Rabkin akasema. "Kitambaa alikiokoa Olena. Meza ni ya watu wawili. Nifanyeje? Niikate meza?"

"Mimi nitatoka," nikasema.

"Wewe ndiye mkuu!"

"Ndiyo. Kwa hiyo nafasi ninayoacha ni ya mkuu. Mpe Olena, kwa mshahara wa meza, uandikwe."

"Mwanamke achore? Na Sol akate kwa chaki yake?"

Sol alimtazama Olena, kisha goti lake. "Nimekatia chaki iliyokosea," akasema. "Sijawahi kukatia chaki inayouliza. Nitajaribu."

Mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi aliletwa. Alikuna kichwa, akafungua kijitabu chake ukurasa kwa ukurasa, na hakukuta kanuni inayokataza. Hakuna aliyewahi kufikiri itahitajika.

Olena alinifuata ngazini. "Sikukuomba nafasi yako."

"Najua. Uliniomba niseme kweli, nami nilichelewa."

Alinipa mkono. Mkono wa mkataji una sugu mahali pamoja tu, chini ya kidole cha shahada. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mitano, na sikujua kwamba anayo.

20 Oktoba

Nimelala hadi saa mbili. Perl alidhani nimekufa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Rabkin alikuja nyumbani na chupa. Anataka nirudi Februari, makoti ya masika yakianza, siku mbili kwa wiki, nisimame nyuma ya Olena.

"Anakosea?" nikauliza.

"Hakosei. Lakini wanunuzi wamezoea kukuona."

Ndiyo hasa. Nikisimama nyuma yake, kila anayeingia ataniuliza mimi kwanza, na mimi, kwa miaka sitini na minane ya mazoea, nitajibu.

Tulikunywa. Nilimwambia amsalimie Olena, amwambie sufu ya masika ni nyepesi na huteleza mezani, ingawa atakuwa ameshaligundua. Kisha nikamsindikiza hadi mlangoni.

Sitarudi.